Meli ile ilikuwa ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelala nalo: ikiwa bidhaa, fedha na habari zinavuka mipaka zitakavyo, je, dola, yaani serikali yenye mamlaka juu ya nchi yake, inakufa? Mimi naiona ingali hai, ila barazani pake wamejaa wageni ambao hawakubisha hodi.

Unaikumbuka Ever Given, meli ya mita 400 iliyoziba Mfereji wa Suez kule Misri siku sita, Machi 2021? Mwenye meli alikuwa Mjapani, kampuni iliyoikodi ya Taiwan, bendera ya Panama, mabaharia Wahindi, wasimamizi wa uendeshaji Wajerumani. Haya, niambie ilikuwa ya nchi gani! Ukiishia hapo utasema dola haina chake tena. Lakini meli ilipokwamuliwa, Misri iliishikilia kwa amri ya mahakama, ikadai fidia, na haikuiachia hadi Julai, walipoelewana. Mataifa yote hayo yakasubiri hakimu mmoja wa Misri.

Kinachonikera mimi ni kesi ya Uruguay. Mwaka 2010 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki nchi hiyo kwa sababu iliamuru onyo la afya lifunike asilimia 80 ya pakiti ya sigara. Kesi haikwenda mbele ya majaji wa Uruguay. Ilikwenda kwenye kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Uruguay ilishinda mwaka 2016, tena kwa msaada wa pesa za mfuko wa hisani wa Michael Bloomberg. Yaani kampuni inaishtaki nchi, na tajiri wa nchi nyingine anachangia mawakili! (Zamani kidogo tungeambiwa ni hadithi.)

Sasa, kampuni ilipata wapi ubavu huo? Kwenye mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uruguay na Uswisi, ambako kampuni hiyo ina tawi, uliotiwa saini na serikali zenyewe. Kwa hiyo ukisikia watu wanalalamika kwamba utandawazi umezipora serikali madaraka, waulize kwanza nani alishika kalamu.

Ila na wewe swali lako lina kasoro. Umeuliza "dola", kana kwamba zote ni moja. Misri ina mfereji. Nchi isiyo na mfereji, wala soko kubwa, wala mafuta, itaizuia meli kwa kitu gani? Hilo ndilo ningependa unijibu ukiandika tena.

Baba yako