Kalsiamu haipandi kwenye seli za granulosa za kuku: kimeng'enya kipi kina kosa?

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Nasoma hapa Unguja. Natenganisha seli za granulosa (zinazozunguka kiini) za folikuli kubwa kabisa (F1), yaani kifuko cha yai linalokua, ya kuku wa mayai kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachokata kolajeni, nazitia fura-2, rangi inayoonyesha kalsiamu, kisha nazipa LH, homoni ya kuchochea utoaji yai. Mstari wa kalsiamu haupandi hata kidogo, lakini nikitia ionomaisini, dawa ya kuvusha kalsiamu, unapanda. Je, fosfolipesi C, kimeng'enya kinachopokea ishara ya LH ndani ya seli hizi, imekufa? Na U73122, dawa ya kukizuia, itanithibitishia?

JIBU: Waalaykum salaam. Ionomaisini imekwambia kwamba rangi imeingia na kalsiamu ikija inaonekana, basi. Yenyewe huvusha kalsiamu kwenye utando bila kupita kwenye kipokezi wala fosfolipesi C. Kabla hujakishuku kimeng'enya cha seli, kishuku ulichokitia wewe: kolajenesi.

Kolajenesi ghafi huja na vimeng'enya vingine vinavyokata protini, navyo hunyoa vipokezi vya LH juu ya seli. Anza na miligramu 1 kwa mililita, nyuzi 37, dakika 10 hadi 15, ukitikisa taratibu. Seli zisipoachana, zipitishe polepole kwenye pipeti, usikimbilie tripsini, kimeng'enya kingine cha kukata protini. EDTA, inayoshika kalsiamu, nayo usiitie hatua hii, kwani kolajenesi haifanyi kazi bila kalsiamu: ukiitia, kimeng'enya kinalala, nawe unaongeza dozi bure. Baada ya hapo zilaze seli usiku kucha kwenye chakula chenye seramu ili zirudishe vipokezi. Ningeanza hapa kabla ya jambo jingine lolote.

Kiini cha yai pia kinaharibu sana. Folikuli ikipasuka unapoimenya, osha utando wa granulosa mpaka maji yatoke maangavu kabisa. Fosvitini, protini ya kiini, hushika kalsiamu, na mabaki ya kiini hung'aa yenyewe chini ya taa.

Fura-2 AM (fura-2 ya kuingia kwenye seli) tumia mikromola 2, gizani, dakika 30, kisha dakika 30 nyingine bila rangi, maana haihisi kalsiamu mpaka esterasi, vimeng'enya vya seli, ziikate. Soma kwa mwanga wa nanomita 340 na 380, mwanga utokao kwa 510. Na kwa unyevu wetu wa masika, kichupa kikitoka kwenye friza kiache kipate joto la chumba ndipo ukifungue. DMSO, kiyeyushi cha rangi, hunyonya maji upesi na rangi huharibika humo humo.

LH ikishaitikiwa, ndipo umbo la mstari litakapokuonyesha vimeng'enya. Seli ikitulia ina kalsiamu kama nanomola 100. Fosfolipesi C hukata PIP2, mafuta ya utando, vipande viwili: IP3 huenda kufungua ghala la kalsiamu la ndani, diasiligliseroli hubaki kwenye utando na kuamsha kinesi C, kimeng'enya kinachotia fosfati kwenye protini. Hicho ndicho kilele cha mwanzo. Kushuka kwake ni kazi ya pampu: SERCA hurudisha kalsiamu 2 ghalani kwa kila ATP 1, na pampu ya utando wa nje hutoa 1 kwa ATP 1. Mstari ukibaki juu kidogo kwa muda mrefu, hiyo ni kalsiamu inayoingia kutoka nje. Rudia bila kalsiamu, na EGTA, inayoshika kalsiamu, milimola 1 ukiitia dakika moja tu kabla ya LH. Ukichelewa, ghala lenyewe huvuja. Usidhani maji hayana kalsiamu kwa sababu hukuitia: visima vyetu viko kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo tumia maji yaliyoondolewa ioni na vyombo vya plastiki.

U73122 mikromola 5 ni sawa, lakini peke yake haithibitishi kitu. Weka sahani ya pili yenye U73343, nduguye asiyezuia fosfolipesi C. Kisha katika sahani ya U73122, isiyo na kalsiamu nje, tia thapsigagini mikromola 1, inayoziba SERCA. Kalsiamu ikipanda, ghala lilikuwa limejaa, na kimya cha LH kinaelekeza kwenye fosfolipesi C. Isipopanda, U73122 yenyewe imelivuruga ghala, na jaribio hilo lisihesabiwe.