Kauri ya pete au kauri ya Maldivi?

Umetuma picha ya kauri, gamba la konokono wa baharini, ukasema ni kauri ya Maldivi, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa pesa Afrika Magharibi. Hapana, hiyo ya pichani yenye duara la rangi ya chungwa mgongoni siyo kauri ya Maldivi. Ni kauri ya pete, Monetaria annulus, na imejaa pwani yetu. Ile ya Maldivi ni Monetaria moneta: ya manjano, ina vinundu pembeni kiasi kwamba ukiitazama kwa juu inaonekana kama ina kona. Ukizilaza chali zote mbili zina mdomo mwembamba wenye meno, ndipo watu wanapochanganya. Sisi tuliookota kete, yaani kauri, kwenye miamba maji yakipwa tunaitambua pete bila hata kuishika. Akiwa hai huyo konokono hulifunika gamba kwa nyama yake, ndiyo maana linang'aa hivyo.

Kuhusu pesa umepatia nusu. Moneta ndiyo iliyotangulia kutumika kama pesa Afrika Magharibi, lakini kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walichukua shehena kwa shehena za kauri ya pete Zanzibar wakaenda kuzimwaga huko, hadi thamani ikaporomoka. Na Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi, jina lile lile la kauri.

Ila angalia: moneta nyingine nazo zina mstari hafifu wa duara, na pete iliyosuguliwa na mchanga hupoteza rangi. Hapo usitazame mgongo, papasa pembeni kama kuna vinundu.