Kuhakiki kapkeki za Mtwara bila kuudhi majirani

Dada, umeuliza utahakiki vipi kapkeki za bekari za Shangani, Ligula na Chikongola bila kuwaudhi wenye nazo. Nunua kwa hela yako, usijitambulishe. Ukishapewa ya bure, umefungwa mdomo. Kila mahali anza na ya vanila, haina pa kuficha kasoro. Bandua karatasi taratibu: ikiondoka na nusu ya keki, au ikikuachia mafuta vidoleni, andika. Bonyeza juu kwa kidole. Iliyoiva vizuri huinuka tena. Krimu usiihukumu saa nane mchana! Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na joto la Desemba huku unalijua mwenyewe. Iliyokuangusha irudie siku nyingine kabla ya kuandika. Bei taja, jina la mpishi acha.