Mbao au mawe kwa ofisi ya bustanini?

SWALI: Nataka kujenga ofisi ya mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba yangu, Embakasi. Fundi anapendekeza mbao, jirani ananiambia mawe. Nifuate nani?

JIBU: Mfuate fundi, lakini kwa sababu ya udongo. Sehemu kubwa ya Embakasi ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta wa mawe kwenye msingi mfupi utapata nyufa, na kuchimba udongo wote hadi chini kwenye tabaka gumu ni gharama kubwa mno kwa chumba kidogo hivyo.

Mbao ni nyepesi. Simamisha ofisi juu ya nguzo 9 za zege, safu tatu za tatu, zishuke kupita udongo mweusi. Saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Acha sentimita 30 chini ya sakafu ili uweze kuchungulia njia za mchwa; tafadhali usiliruke hili.

Fremu iwe ya saiprasi iliyotiwa dawa, inchi 2 kwa 4, mbao za wima kila sentimita 60. Mara nyingi huuzwa mbichi, na ukiipigilia hivyo itajipinda na mlango utakwama. Ipange kwanza kivulini, vijiti kati ya mbao, wiki kadhaa.

Mabati chukua geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi. Weka dari yenye sufi ya kuzuia joto, la sivyo kelele za mvua ya Aprili juu ya mabati zitakuzuia kusikia kila simu ya kazi.