Kapadokia: maswali yenu kuhusu makanisa ya mwambani

Tangu nilipoandika hapa juu ya safari yangu ya Kapadokia, katikati ya Uturuki, mmeniuliza mengi. Leo nachukua matano.

Je, ni Kapadokia ileile ya kwenye Biblia? (Msomaji, Mwanza)

Ileile. Watu wake wanatajwa siku ya Pentekoste, Matendo 2:9, na Petro anawasalimu katika aya ya kwanza kabisa ya waraka wake wa kwanza. Karne ya 4 akatokea huko Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria, pamoja na mdogo wake Gregori wa Nisa na rafiki yao Gregori wa Nazianzi. Kaisaria hiyo ndiyo Kayseri ya leo, kwa hiyo ukishukia uwanja wa ndege wa Kayseri umeshukia mji wa Basili. Ila makanisa yenye michoro utakayoyaona Göreme, mji mdogo wa huko, ni ya baadaye, mengi ni ya karne ya 10 hadi ya 12.

Walichongaje nyumba nzima kwenye mwamba bila mashine? (Msomaji, Arusha)

Wewe unayeishi chini ya Mlima Meru utanielewa upesi. Mamilioni ya miaka iliyopita volkano za Kapadokia zilimwaga majivu mengi mno, yakalala tabaka juu ya tabaka, yakashikana yakawa jiwe. Ni jiwe laini. Sururu na patasi vinatosha. Mvua na upepo vikalikata likawa mabonde, na pale palipokuwa na jiwe gumu juu, nguzo ya chini yake ikasalimika, ikabaki imesimama na kofia yake kichwani. Waturuki huziita dohani za peri, wale majini wazuri wa kwenye hadithi.

Lakini ulaini huohuo ndio unaozimaliza. Kule kijiji cha Zelve watu waliishi mapangoni hadi 1952, wakahamishwa kwa sababu miamba ilikuwa ikiporomoka. Basi nakuomba, usikwaruze ukuta wala usiandike jina lako. Nimeyaona majina ya wageni yamechimbwa juu ya mavazi ya watakatifu na roho iliniuma.

Mbona picha nyingi za watakatifu hazina macho, na nyingine ni alama nyekundu tu? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Alama nyekundu, yaani misalaba na mistari iliyopakwa moja kwa moja kwenye jiwe, utaziona vizuri katika kanisa la Mtakatifu Barbara pale Göreme. Wengi huzihusisha na ule mgogoro wa Bizanti, dola ya Kikristo iliyotawala huko, uliopiga marufuku sanamu na picha takatifu, ulioanza karne ya 8 ukaisha 843. Baada ya hapo rangi zilirudi kwa nguvu: ingia kanisa la Tokalı, hapo hapo Göreme, uone ile buluu yake, simama kimya dakika kumi.

Macho yalikwanguliwa baadaye, na wanaoweza kufikiwa kwa mkono ndio walioumia zaidi. Inua kichwa utazame dari, huko nyuso zimesalia. Usikose Karanlık Kilise, Kanisa la Giza. Lina tiketi yake ya ziada, nayo inastahili kila senti. Mwanga huingia kwa kidirisha kidogo tu, na giza hilo ndilo lililotunza rangi. Kupiga picha ndani hairuhusiwi.

Mimi ni Mwislamu. Mbali na makanisa, kuna cha kunipeleka huko? (Msomaji, Unguja)

Kipo tele, ndugu yangu. Karibu na mji wa Avanos kuna Sarıhan, nyumba ya misafara iliyojengwa na Waseljuki, watawala Waislamu wa Kituruki, mwaka 1249, yenye lango la mawe yaliyonakshiwa. Wafanyabiashara walilala humo pamoja na ngamia wao. Avanos penyewe wafinyanzi bado wanatumia udongo mwekundu wa mto Kızılırmak. Tembea pia Bonde la Njiwa, Uçhisar, uone vijidirisha vilivyochongwa ili njiwa watage humo, na mbolea yao ikalishe mizabibu. Na hayo makanisa ya Göreme leo ni makumbusho. Ingia tu.

Nampeleka mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Je, ataweza mji wa chini ya ardhi na puto? (Msomaji, Dar es Salaam)

Puto, lile la hewa ya moto linalobeba watalii angani, muulize daktari wake kwanza: kapu halina mlango, mtu hupanda kwa kukanyaga vitundu vya ubavuni, na wakati wa kutua lazima akunje magoti. Wewe ukitaka kupanda, weka nafasi ya asubuhi ya kwanza na ulale huko siku tatu, maana upepo ukiwa mbaya mamlaka ya anga huzuia maputo yote.

Mji wa chini ya ardhi, yaani Derinkuyu, usimpeleke. Mji ule umeshuka mita 85 hivi ardhini, una mazizi, maghala, kanisa, na milango ya mawe ya duara iliyovingirishwa kwa ndani adui akija. Lakini ngazi zake ni nyembamba na unashuka umeinama. Mpeleke bonde la Paşabağ. Njia ni tambarare, nguzo zenye vichwa vitatu ziko pale pale, na mojawapo ina chumba cha watawa na kikanisa cha Mtakatifu Simeoni. Fikeni saa mbili asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii, na mchukulie sweta: mko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari na hata Mei asubuhi ina baridi.