Maswali ya Wasomaji: Nodi Inayokataa Kufutika

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika kutoka Chumbageni, Tanga. Kikundi chetu cha wachuuzi wa samaki kina seva ndogo ya XMPP (utaratibu wa kutumiana ujumbe mtandaoni), ambayo kijana aliyetufungia amekwisha kuhamia Dar es Salaam. Kila asubuhi bei za mnada wa Deep Sea hutumwa kwenye nodi, yaani sehemu ya kuwekea ujumbe ndani ya seva, iitwayo bei-deepsea, nasi tuliojiandikisha huzipata simuni. Sasa tumefungua nodi mpya, na ile ya zamani naitaka iondoke. Nimefuta ujumbe wote kwenye simu yangu, lakini nikifungua kompyuta naukuta vilevile. Nilipojaribu kuifuta nodi yenyewe, seva ilinijibu forbidden, yaani huruhusiwi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichofuta simuni ni nakala yako tu. Nodi hukaa kwenye seva, na programu ya simu au ya kompyuta huenda huko kuomba kusoma, kuandika au kufuta, seva ikakubali au ikakataa.

Waraka wa XEP-0060, unaoeleza utaratibu huu, unatenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku. Ichukulie nodi kuwa ni droo ya meza ya ofisi: waweza kutoa karatasi moja, waweza kumwaga karatasi zote droo ikabaki mahali pake pamoja na orodha ya waliojiandikisha, au waweza kuing'oa droo yenyewe, na hapo karatasi, mipangilio na orodha huondoka kwa pamoja. Wewe unataka la tatu, na hilo ni la mmiliki peke yake. Ombi lake ni iq (kifurushi cha ombi katika XMPP) ya aina ya set, yenye neno delete na jina la nodi, chini ya anwani ya utambulisho (namespace) inayoishia na pubsub#owner.

Jibu ulilopata, kwa kweli, ni la kukusaidia. Lau ungekosea jina la nodi, seva ingekujibu item-not-found, yaani kitu hicho hakipo. Forbidden maana yake nodi ipo, ila akaunti yako si mmiliki. Aliyeiunda nodi ndiye mmiliki wake tangu mwanzo, na kwa maelezo yako nashuku kuwa ni yule kijana wa Dar es Salaam. Mpigie simu, umwombe aingie kwa akaunti ileile na kukuongeza kuwa mmiliki; hana haja ya kukupa nywila yake, nawe usiipokee hata akikupa.

Kabla hujafuta, hata hivyo, itafute programu inayotuma bei asubuhi na uielekeze kwenye nodi mpya. Baadhi ya seva huunda nodi papo hapo mtu anapotuma ujumbe kwenye jina lisilokuwepo, kwa hiyo ukifuta usiku na programu ile ikaamka alfajiri, huenda ukaikuta bei-deepsea imerudi, haina mwanachama hata mmoja, na mmiliki wake sasa ni akaunti ya programu hiyo. Mafundi wengi hudhani hapo seva imeharibika, wakaifunga upya bure.

Weka pia nakala ya bei za zamani kama mnazihitaji kwa hesabu, kwa sababu utaratibu huu hauna amri ya kurudisha kilichofutwa. Ombi la kufuta linaruhusu kutaja anwani ya nodi iliyochukua nafasi yake, nami nakushauri uitaje. Lakini uanachama hauhami wenyewe, hivyo kila mchuuzi atalazimika kujiandikisha upya. Seva huwaarifu waliojiandikisha kwamba nodi imefutwa, mradi mipangilio haijaizima taarifa hiyo, ila aliyekuwa baharini simu imezimwa huenda asiipate. Huyo mwambieni kwa mdomo atakaporudi mnadani. Ujumbe uliokwisha kufika simuni mwao hautaguswa, na bei ya changu ya mwaka jana itakaa humo mpaka mwenye simu aifute mwenyewe.