Kundi la kulinganishia nalo limeumwa ini: sumu imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya utafiti wa uzamili hapa Mbeya. Tuliwachoma panya wadogo wa maabara bakteria aina ya Propionibacterium acnes waliouawa kwa joto. Siku ya 7 nusu yao walipata mikrogramu 1 ya LPS (sumu ya ganda la bakteria), nusu maji ya chumvi tu. Waliopata chumvi nao ALT (kipimo cha damu cha ini kuumia) imepanda sana, na wawili wamekufa. Chumvi tulitengeneza wenyewe kwa maji ya kukeneka, tukaipitisha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa kuua vijidudu). Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuwalaumu bakteria, angalia bomba la sindano na hayo maji.

Bakteria wafu peke yao hukusanya seli za kinga, makrofaji na seli T, kwenye ini, vikatokea vinundu. ALT kupanda kidogo hapo ni kawaida. Kufa si kawaida. Ini lililokwisha kuandaliwa hivyo likifikiwa na LPS, makrofaji hutoa intaleukini 12 na 18 (protini za kuamsha kinga), seli T na NK (nazo za kinga) hujibu kwa protini nyingine, intaferoni gama, kisha protini za TNF na ligandi ya Fas huua seli za ini. Intaleukini 18 ilipatikana humo humo, kwenye maini ya panya waliofanyiwa hivi, mwaka 1995. Panya asiyeandaliwa huvumilia mikrogramu 1. Aliyeandaliwa anaweza kufa ndani ya siku moja.

Sasa piga hesabu. Mikrogramu 1 katika mililita 0.2 ni mikrogramu 5 kwa mililita. Ukitumia bomba lile lile, na shingo ya sindano ikabakiza mililita 0.05, umebeba mikrogramu 0.25, yaani robo ya dozi, hadi kwa panya wa chumvi. Kusuuza hakutoshi, LPS hung'ang'ania kwenye kioo na mpira. Kundi la chumvi lichomwe kwanza, kwa mabomba mapya.

Otoklevu huua bakteria lakini LPS ya ganda lao hubaki. Maji yaliyokaa kwenye dumu yakaota bakteria, ukiyachemsha unapata maji safi yenye sumu. Tumia chumvi ya dripu ya hospitali, chupa isiyofunguliwa. Vyombo vya kioo vikaushwe nyuzi 250 kwa dakika 30. Oveni nyingi za kukaushia hazifiki huko, kwa hiyo plastiki ya kutumia mara moja ni nafuu zaidi. (Na kwa mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, geji ya otoklevu ikisoma mgandamizo wa paundi 15 joto ni kama nyuzi 118 tu. Nyuzi 121 zinataka paundi 18 hivi. Hilo ni tatizo la usafi, si la LPS.)

Kuthibitisha, andaa panya wachache upya: wengine chumvi ya dripu, wengine ile yenu, wengine wasichomwe chochote siku ya 7. Pima ALT baada ya saa 8, na tupa seramu yenye wekundu, maana seli za damu zilizopasuka hupandisha namba. Wasiochomwa wakiwa nao juu sana, peleka kinyesi kipimwe bakteria Helicobacter hepaticus kwa PCR (kipimo cha vinasaba). Huyo huwasababishia panya homa ya ini ya muda mrefu bila nyinyi kugusa sindano.